Baba anafanya mazoezi ya Kichina baada ya mshtuko wa moyo. Je, yanatosha?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61, anauza vitenge Kariakoo na huwa anafuata mzigo Guangzhou. Miezi mitatu iliyopita alipata mshtuko wa moyo akiwa huko huko. Walimzibua mshipa, wakamwekea stenti moja, na kabla hajaruhusiwa wakamfundisha mazoezi ya taratibu yanaitwa baduanjin. Tangu arudi, kila alfajiri baada ya swala anayafanya uani, na anasema anajisikia mwepesi kuliko zamani. Tatizo ni kwamba amegoma kutembea kama kliniki ya hapa ilivyomwagiza, anadai haya yanamtosha. Jirani naye anamwambia ile ni ibada ya Wachina. Je, mazoezi haya yana kazi kweli au ni kujifariji tu? Dawa nazo amepunguza, siku hizi anameza aspirini na ya presha basi.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa mliyopitia. Kuugua moyo ukiwa ugenini, hujui lugha ya wanaokutibu, si jambo dogo.

Naanza na sentensi yako ya mwisho, maana hiyo ndiyo iliyonishtua. Uliiweka mwishoni kama nyongeza, lakini kwangu ndiyo barua yote. Mtu aliyewekewa stenti baada ya mshtuko wa moyo kwa kawaida hupewa dawa mbili za kuzuia damu kuganda: aspirini, na nyingine pamoja nayo, mara nyingi clopidogrel au ticagrelor. Hizo mbili hutumika pamoja kwa takriban miezi 12, isipokuwa daktari akiona sababu ya kufupisha. Stenti ni wavu wa chuma. Ndani ya miezi ya mwanzo ngozi ya ndani ya mshipa bado haijaufunika vizuri, na damu ikikutana na chuma kitupu huelekea kuganda palepale. Stenti ikiziba ghafla, huo ni mshtuko mwingine wa moyo, na mara nyingi huwa mbaya kuliko wa kwanza. Hakuna zoezi la mikono, la miguu wala la pumzi linaloweza kufanya kazi ya kile kidonge.

Kwa hiyo leo, si siku ya kliniki, leo hii, mpigie daktari wake au mpeleke. Beba maboksi yote aliyorudi nayo, hata yenye maandishi ya Kichina matupu. Na kabla hujamgombeza, muulize kwa upole kwa nini aliacha. Wengine huacha kwa sababu fizi zinatoka damu, wengine tumbo linawachoma, wengine bei imewashinda na wanaona haya kusema. Kila moja kati ya hizo ina ufumbuzi wake. Ya mafuta pia, yaani statini kama atorvastatin, nadhani imo kwenye hizo alizoacha. Watu hudhani ile ni ya kushusha namba kwenye karatasi ya maabara. Kazi yake kubwa kwa mtu kama baba ni kutuliza utando wa mafuta ulio ukutani mwa mishipa mingine, usije ukapasuka kama ulivyopasuka ule wa kwanza.

Muulize vilevile kama kuna rafiki aliyempa dawa za majani au mizizi huko Guangzhou. Mzizi mwekundu uitwao danshen unapendwa sana China kwa magonjwa ya moyo, na unajulikana kwa kuongeza nguvu ya warfarin, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, hadi mtu kutokwa na damu. Baba hatumii warfarin kwa maelezo yako, lakini mtu anayetakiwa kumeza dawa mbili za kuzuia damu kuganda hapaswi kuongeza kitu cha tatu bila daktari wake kujua.

Sasa tuje kwenye mazoezi yenyewe.

Baduanjin ni mfululizo wa mikono minane, yaani mitindo minane ya kunyoosha mwili taratibu, na ukiufanya kamili unachukua kama dakika 12. Ni wa zamani kweli: jina lake limo katika maandishi ya Hong Mai, mwandishi wa karne ya 12 wa enzi ya Song. Simulizi huupachika kwa jenerali Yue Fei, ati aliwafundisha askari wake, ila hiyo ichukulie kama simulizi. Mwaka 2003 mamlaka ya michezo ya China ilitoa muundo rasmi, pamoja na mifululizo mingine mitatu ya jamii hiyo, ili watu wa kawaida wafundishwe kwa namna moja nchi nzima. Ni binamu wa taichi, yale mazoezi mengine ya Kichina ya mwendo wa polepole, lakini ni rahisi zaidi. Taichi fupi ya mwaka 1956 ina mitindo 24 ya kukariri, na mgonjwa aliyetoka wodini anaweza kukata tamaa kabla hajafika wa sita. Hii ya minane mtu hujifunza ndani ya wiki chache. Ndiyo maana hospitali za China zinaipenda kwa watu wa moyo.

Uliuliza kama ni kujifariji. Hapana. Ila faida yake haiko pale baba anapoiona.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote ni wa zamani kidogo, uliochapishwa mwaka 1996, wa Sheffield, Uingereza. Walichukua watu 126 waliokuwa wanapona mshtuko wa moyo, wakawagawa makundi matatu: taichi, mazoezi ya kawaida ya kutokwa jasho, na kundi la kukutana na kuzungumza bila zoezi. Ulikuwa mpango wa wiki 8. Namba ya juu ya presha ilielekea kushuka kwa makundi yote mawili ya mazoezi, namba ya chini ikashuka kwa taichi peke yake. Lakini tazama hesabu hii nyingine: waliofika mwisho wa mpango walikuwa asilimia 82 kwenye taichi, 73 kwenye mazoezi ya jasho, na 8 tu kwenye mazungumzo. Watu walibaki. Sisi tunaofanya kazi za utengamao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wa mwili wake, tunajua kwamba kuanza si shida. Shida ni wiki ya tano, mgonjwa akishajiona mzima.

Kuna mwingine wa Marekani, wa mwaka 2017, unaomhusu baba yako moja kwa moja, kwa sababu walioshiriki walikuwa wagonjwa wa moyo waliokuwa wamekataa mazoezi ya utengamao ya hospitali. Walikuwa 29 tu. Wakapewa taichi, wengine mara mbili kwa wiki, wengine mara tatu na kwa muda mrefu zaidi. Hakikutokea kibaya kutokana na zoezi lenyewe zaidi ya maumivu madogo ya misuli, na waliofanya kwa wingi wakaanza kujishughulisha zaidi hata nje ya darasa. Ila baada ya miezi mitatu uwezo wa miili yao kutumia oksijeni, ambao ndio kipimo cha stamina, ulikuwa haujaongezeka. Boston nako, mwaka 2011, watu 100 wenye moyo uliodhoofika waligawanywa, nusu taichi, nusu masomo ya afya, kwa wiki 12. Wa taichi waliona maisha yao yamekuwa bora na walijiamini zaidi kufanya mazoezi. Umbali waliotembea kwa dakika sita haukutofautiana na wa wenzao.

Huko huko Guangzhou alikotibiwa baba kuna madaktari waliojaribu baduanjin yenyewe kwa watu waliotoka kupata mshtuko wa moyo. Matokeo yao ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa chumba cha kushoto cha moyo kilielekea kutotanuka kama cha wasiofanya. Ni habari njema, kwa sababu kutanuka huko ndiko huleta moyo kushindwa kazi baadaye. Lakini ni utafiti wa awali, na mimi nisingeutundika ukutani bado.

Unaona mwelekeo? Presha, hofu, usingizi, kujiamini, kubaki kwenye zoezi: huko ina nguvu. Stamina: huko ni dhaifu. Na sababu si ya ajabu. Ukikaa kimya mwili unatumia nishati ya kiwango tunachokiita 1. Taichi na jamii yake huhesabiwa karibu 3. Kutembea kwa haraka ni zaidi kidogo ya 4. Kupanda ngazi kwa haraka kunafika 8. Sasa mfikirie baba yako kazini kwake: yale majengo ya Kariakoo ya ghorofa, lifti imekufa, mteja anasubiri juu, na robota la vitenge halijibebi. Moyo uliozoeshwa 3 ukitakiwa kutoa 7 siku moja tu bila maandalizi, hapo ndipo maumivu ya kifua hurudi. Halafu ule ushahidi mkubwa tulionao, wa majaribio 85 yenye watu zaidi ya 23,000, unaoonyesha kuwa utengamao wa mazoezi hupunguza vifo vya moyo kwa karibu robo, kwa sehemu kubwa ulitokana na kutembea, baiskeli na mazoezi mengine ya jasho. Mtu hawezi kufanya zoezi moja na kudai faida za lingine.

Kwa hiyo kwenye ubishi wenu wa nyumbani, wewe na kliniki mna haki kuhusu kutembea, na baba ana haki kwamba asiache alichofundishwa. Avichanganye. Ningekuwa mimi ndiye ninayempangia, ningemwambia aendelee na mikono yake minane baada ya alfajiri, iwe ndiyo ya kupasha mwili, kisha atoke getini moja kwa moja akatembee. Aanze na dakika 10, aongeze chache kila wiki kadiri mwili unavyokubali, mpaka zifike 30, siku tano za wiki. Akirudi, arudie ule mkono wa kwanza na pumzi zake taratibu ili mapigo yashuke polepole badala ya kukatika. Siku mbili kwa wiki aongeze kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, mara kumi, apumzike, arudie. Dar na joto lake, afadhali alfajiri hiyo hiyo au baada ya alasiri jua likipoa. Asifanye akiwa ametoka kula shibe.

Lakini mpango huu usianze kesho. Kwanza arudi kwenye dawa zake, na daktari amtazame, ikiwezekana kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ili ijulikane moyo unasukuma kwa kiasi gani. Mpaka hapo, mikono minane ya taratibu na kutembea kwa kawaida ndani ya mtaa vinatosha.

Asiongozwe na saa ya mkononi inayohesabu mapigo. Kama ile ya presha anayomeza ni bisoprolol, carvedilol au nyingine ya jamii hiyo, mapigo yake yatabaki chini hata akichoka, na saa itamdanganya aongeze mwendo. Kipimo chake ni mdomo: aweze kuzungumza na mwenzake njiani, ila asiweze kuimba kaswida bila kukata pumzi. Akiweza kuimba, aongeze mwendo. Akishindwa kuzungumza, apunguze.

Kuhusu mikono yenyewe, simama naye uani asubuhi moja umtazame. Wa kwanza, wa kuinua mikono yote miwili juu kama anayeshikilia mbingu, na wa pili wa kuvuta upinde, ni mizuri kwake, inafungua kifua kilichojikunja kwa hofu. (Angekuwa amepasuliwa kifua kwa ajili ya kupandikizwa mishipa, ningemwambia asubiri mpaka mfupa wa kifua uunge, wiki 8 hadi 12, na apate ruhusa ya aliyempasua.) Wa tatu hauna neno. Wa nne, wa kugeuza shingo kuangalia nyuma, aufanye polepole, asiikunje shingo kwa nguvu.

Wa tano ndio unaonipa wasiwasi. Mtu hutanua miguu, hushuka kama aliyepanda farasi, kisha huyumbisha kichwa na kiuno kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mapaja huwaka moto, na mapaja yakiwaka mtu hubana pumzi bila kujua. Kubana pumzi huku misuli mikubwa imekaza hurusha presha juu ghafla. Asishuke chini, abaki amesimama karibu wima, au aufanye akiwa ameketi kwenye kiti. Na kwa kuwa jina la mkono huo linasema unaondoa moto wa moyo, muweke sawa mapema: tabibu wa Kichina akisema hivyo anamaanisha mambo kama kukosa usingizi na kukasirika ovyo. Mishipa iliyoziba haimo kwenye ahadi hiyo.

Wa sita ni wa kuinama mpaka kushika miguu na kuinuka. Kwa mtu wa dawa za presha huu huleta kizunguzungu. Muulize hivi: akiinuka kutoka kwenye sujudu, kichwa huwa chepesi au macho huingia giza? Kama ndiyo, mkono wa sita auruke kabisa, na habari hiyo ya sujudu aipeleke kwa daktari, huenda dozi inahitaji kupunguzwa. Daktari ndiye apunguze, siyo yeye. Wa saba wa ngumi na macho makali, ngumi ziwe laini. Wa nane, wa kunyanyuka kwa vidole na kushusha visigino mara saba, ashike mgongo wa kiti na atue taratibu.

Kuna jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo baba analisema anaposema anajisikia mwepesi. Karibu mtu mmoja kati ya watano huingia kwenye sonona baada ya mshtuko wa moyo, na wengi zaidi huishi na woga ambao hawautaji. Hulala wanasikiliza mapigo. Wanaume wa umri wa baba yako hawatakuambia. Zoezi la taratibu, la pumzi ndefu, lenye utaratibu uleule kila asubuhi, humrudishia mtu imani na mwili wake. Pumzi zikipunguzwa hadi kama sita kwa dakika, mfumo wa mishipa unaorekebisha presha nao huwa msikivu zaidi, hilo limepimwa. Ndiyo maana nisingependa umnyang'anye baduanjin ili kumlazimisha kutembea. Ukimnyang'anya, huenda akaacha vyote viwili.

Dalili za kusimama papo hapo ni hizi: kifua kubana au kuuma, maumivu kwenda mkono, taya au mgongo, pumzi kukatika kuliko kawaida ya zoezi hilo, mapigo kwenda ovyo, jasho la baridi, kutaka kuzimia. Akae. Kama alipewa nitroglycerin ya chini ya ulimi aitumie, na dakika tano zikipita bila nafuu, hospitali, na asiendeshe gari mwenyewe. Siku akiamka na presha ya 180/110 au zaidi, ana homa, au miguu imevimba na uzito umepanda kilo 2 ndani ya siku tatu, siku hiyo hakuna zoezi, kuna kumwona daktari. Nitroglycerin haichanganywi kamwe na dawa za nguvu za kiume kama sildenafil. Hili najua huwezi kumwambia baba yako. Mpe mjomba wako kazi hiyo.

Hana haja ya kuona kwamba kutembea ni agizo la "hawa wa hapa" na baduanjin ni tiba ya "wale walioniokoa". Hospitali za China nazo huwatembeza wagonjwa wao. Na kama anataka ushahidi wa udugu, jengo la Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili lilijengwa kwa msaada wa serikali ya China, na madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu 1964.

Jirani sasa. Maelezo ya kale ya mazoezi haya yanazungumzia nguvu iitwayo qi inayozunguka mwilini, na mizizi yake iko kwenye fikra za Kichina, za dini ya Kidao zikiwemo. Hilo ni kweli na sitalificha. Lakini mfululizo anaofanya baba ulitolewa na watu wa michezo, hauna dua, hauna sanamu, hauna neno la kutamka, na ukiondoa maelezo yote ya qi faida tulizopima zinabaki vilevile. Mimi ni mtu wa mazoezi, sitoi fatwa. Kama moyo wake haujatulia, amwendee shehe wake, amwonyeshe mikono yote minane mbele ya macho yake, dakika 12 tu, kisha ndiyo aulize.